Kapu la Nyamizi

Jumatatu, 7 Julai 1975

Nimeficha jambo moja tangu nilipokuwa kijana. Marehemu mke wangu Nyamizi alikula mayai. Alikula akiwa mjamzito, katika mimba zote nne zilizotuletea watoto. Hakuna anayejua. Sasa limeandikwa.

Mengine ni ya kila siku. Uji wa mtama. Kikohozi. Dawa ya zahanati, chungu kama nyongo. Kabla ya jua kutoka, watoto wa shule wamepita nyuma ya nyumba na mchakamchaka wao. Nimewasikia tangu mbali, miguu yote ikianguka pamoja. Mwalimu Tabu alikuwa mbele yao, raba miguuni, kanga imefungwa juu ya gauni, anaongoza wimbo na pumzi haimwishi. Mimi nilikuwa mwalimu maisha yangu yote na sikukimbia na wanafunzi hata mara moja. Nilisimama na fimbo, nikawatuma wakimbie. Msichana huyu ananizidi, na sioni vibaya kusema.

Kalunde ameniletea maji ya kunawa. Ni mke wa Mrisho, mwanangu wa mwisho. Nilimtazama viganja alipokuwa akimimina. Vimepauka kama unga wa muhogo. Mimba yake ya mwaka juzi iliharibika. Hii ni kubwa sasa, inaonekana. Naogopa.


Jumatano, 9 Julai

Kalunde alikwenda kliniki jana. Muuguzi amemwambia damu imepungua. Ale mayai, maini akipata, dagaa, kunde, mchicha. Apunguze ndoo kichwani lakini asikae tu, atembee.

Kunde tunazo. Mchicha upo bustani ya shule, Mwalimu Tabu anawapa wajawazito bure. Dagaa wanakuja na treni ya Kigoma, Mrisho atanunua mjini. Mayai yapo, kuku wanazunguka hapa uani wananidonoa vidole.

Kalunde amekula vyote isipokuwa mayai.

Kwetu mwanamke mwenye mimba hali yai. Mtoto atazaliwa na kipara, wanasema. Na mwanamke anayekula yai ni mlafi, hawezi kungoja liwe kuku. Nimesikia hayo tangu utotoni. Hata niliporudi kutoka shule ya serikali na Kiingereza changu, nilikuwa nayaogopa kidogo.

Mlinzi wa mwiko huu hapa kijijini ni Nyanzala, mdogo wangu wa kike. Si mwanamke mbaya. Amemuuguza Kalunde mimba ilipoharibika, amelala chini kwenye mkeka pembeni yake. Lakini ana neno moja analolirudia, na neno hilo linanichoma. Anamwambia Kalunde: mkweo Nyamizi hakugusa yai, akazaa wanne, wote wazima, na vichwa vimejaa nywele.

Wanawake wote wa hapa wanalijua neno hilo. Nyamizi amekuwa mfano. Wanaapa kwake.

Kalunde alimpenda sana. Ndiyo maana hali mayai.


Ijumaa, 11 Julai

Baridi ya kipupwe. Nimekaa ukutani kuota jua.

Mwalimu Tabu ameanzisha matembezi ya wajawazito. Jioni, baada ya shule, kutoka ofisi ya kijiji mpaka shamba la shule na kurudi. Siku ya kwanza hakuna aliyekuja. Nyanzala aliwaambia kwamba kutembea bila mzigo ni jambo la wendawazimu. Mnyamwezi anatembea mikono mitupu anakwenda wapi? Baba yetu alibeba pembe mpaka pwani na kurudi na vitambaa. Alimaliza njia ile mara nyingi mpaka unyayo ukawa kama kwato. Hakuwahi kutembea bure. Nilicheka, maana ni kweli.

Mwalimu Tabu hakubishana naye. Siku ya pili aliwaambia wanawake waje na vikapu. Vikapu vitupu. Wamekuja wote. Leo nimewaona wakipita hapa, wamejitwisha vikapu visivyo na kitu, matumbo mbele, wanataniana. Mmoja amemwambia mwenzake ashushe mzigo apumzike, amejitwisha upepo mzito. Ukiwatazama kwa mbali utadhani wanakwenda gulioni. Heshima imebaki na miguu inatembea. Ningepewa mwaka mzima nisingebuni hivyo.

Kisha nikakumbuka kapu jingine. Sikucheka tena.


Jumapili, 13 Julai

Mrisho amekwenda mjini. Nyumba kimya. Niandike hili la kapu.

Tulipooana nilikuwa nafundisha shule ndogo upande wa Usinge. Mama yangu alikaa nasi. Mimba mbili za kwanza za Nyamizi ziliharibika. Mkunga mmoja wa misheni alimwangalia ndani ya kope, akamwambia ale mayai na asilalelale ndani. Nyamizi alirudi akaniambia. Mama alikuwa anahesabu kila yai la uani, na angelikosa moja angejua limekwenda wapi.

Nyamizi akasema ataniletea chakula cha mchana shuleni.

Hayo tu. Sikuelewa mpaka aliponielekeza. Shuleni wanafunzi walifuga kuku, lilikuwa somo la kilimo. Mayai yalikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa na stoo ya chaki na majembe, na nyuma yake mafiga matatu. Nikapata kopo la kuchemshia. Basi Nyamizi alijitwisha kapu lenye ugali na nsansa, mboga yetu ya majani makavu, akatembea kutoka nyumbani mpaka shuleni juani, mwendo wa kutosha kumtoa jasho. Mimi nilikula ugali. Yeye aliingia stoo, akaketi juu ya gunia, akanipa mgongo, akala yai nililomchemshia. Kisha akajitwisha kapu tupu akarudi.

Mwanamume nilikuwa napika. Tena mwalimu, mwenye tai. Wanafunzi wangeniona ningehama wilaya.

Watu walimsifu. Mke gani huyu, mumewe halali njaa hata siku moja, na mimba ile. Mama alimsifu kuliko wote. Mtoto alipozaliwa mzima, mnene, mama alisema ni kwa sababu mkwewe ameshika mwiko. Alisema mbele za watu, na Nyanzala alikuwepo, msichana tu. Nyamizi alinitazama. Niliinamisha kichwa. Nilidhani ni siku moja, mama atafurahi na litapita. Halikupita. Likawa wimbo wa ukoo.

Mama alikufa. Tungeweza kusema. Lakini Nyamizi alikuwa amekwishakuwa mfano wa kina mama, na mwenye kuitwa mwema haendi kujiita mlafi. Mimi sikutaka aitwe hivyo. Sitaki mpaka leo. Amelala kaburini na jina safi, na jina hilo hilo ndilo linalomnyima Kalunde yai.


Jumanne, 15 Julai

Kalunde ameanguka.

Alikuwa anatoka bombani na ndoo, ingawa alikatazwa. Wanawake wamemleta wamemshika makwapa. Midomo myeupe. Amelala chumba cha pili na mimi nimelala huku, wagonjwa wawili na ukuta katikati. Mtoto bado anacheza tumboni, Kalunde amesema mwenyewe. Nimemshukuru Mungu kwa sauti.

Nyanzala amekuja na kumpikia uji wa karanga, kwa mikono yake mizuri. Nilimwita. Nikamwomba afunge mlango, nikamwambia yote. Kapu, stoo, kopo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Akasema nimesikiliza redio mno. Akasema mimi ni msomi, na wasomi hawashindwi kutunga hadithi wakitaka jambo lao lifuatwe. Akanifunika blanketi.

Nina hasira. Nimeficha ukweli mpaka umeonekana uongo.


Alhamisi, 17 Julai

Nimechoka mno lakini lazima niandike leo.

Alhamisi alasiri kina mama wanakutana darasani kusikiliza kipindi cha redio cha chakula, kampeni ya mwaka huu. Nilimwambia Mrisho anipeleke. Alikataa. Nikamwambia basi nitatambaa. Akanipakia nyuma ya baiskeli, akanifunga kwa shuka nisije nikadondoka, akaisukuma. Watoto wakatufuata. Mwana wa mpagazi, nami leo nimekuwa mzigo. Baba angecheka mpaka akae chini.

Darasa limejaa. Kwenye ukuta watoto wamechora chungwa, samaki, karanga, mtu anakimbia. Wakaniamkia wote, shikamoo babu, nikaitikia marahaba mpaka pumzi ikakatika. Kalunde alikuwepo, ameegemea ukuta. Redio ikasema yake. Ilipozimwa, Mwalimu Tabu akauliza nani ana neno. Nyanzala akasimama. Nilijua atasimama. Akasema redio ni ya watu wa mjini, sisi tunaye Nyamizi.

Nikasema nikiwa nimekaa, kwa sababu sikuweza kusimama:

“Nyanzala, mdogo wangu. Wifi yako alikula mayai. Aliyemchemshia ni mimi.”

Kikatoka kicheko kidogo nyuma. Bibi mmoja akauliza kama ni kweli mwalimu mkuu alikaa kwenye mafiga. Wakacheka zaidi. Hawakuamini. Niliona wanamhurumia mzee.

Nikaomba sufuria na yai la banda la shule. Wakanitoa nje kwenye mafiga ya kupikia uji wa watoto, wakanikalisha kwenye kigoda. Mwalimu Tabu alitaka kunisaidia, nikamkatalia. Nikalitazama yai kwenye jua. Nikalitumbukiza kwenye maji ya baridi, nikatia chumvi kidogo, ndipo nikasogeza kuni. Lilipoiva nikalitia tena maji ya baridi, nikaligonga upande wa tumbo, nikalimenya, ganda likatoka kipande kimoja.

Nilipoinua macho hakuna aliyekuwa anacheka. Wanaume wa hapa hawajui hata moto unachochewa upande gani. Yule bibi wa nyuma akasema polepole kwamba mtu huyu amemenya mengi.

Ikabidi niseme yaliyobaki. Nikasema Nyamizi aliyapenda mayai kweli kweli, mpaka nilikuwa namficha mengine. Nikaigiza alivyokuwa akilamba vidole. Hapo wakacheka vizuri, kicheko cha jikoni, na wawili wenye mimba wakaulizana kama yapo mengine bandani.

Nyanzala hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu.

“Kaka, umemvua nguo marehemu mbele za watu.”

Akaondoka. Kalunde alichukua lile yai. Hakulila. Alilifunga kwenye pindo la kanga yake.


Ijumaa, 18 Julai

Kitandani. Kifua kinauma. Sijui nimefanya jema au nimeharibu. Leo nimesikia mtoto huko njiani anamwita mwenzake Nyamizi mla mayai. Mke wangu amekuwa tusi la watoto.


Jumatatu, 21 Julai

Kalunde ameingia na bakuli. Yai limemenywa, limekatwa mbili. Akakaa kwenye mkeka kando ya kitanda changu. Nikajua anataka kulila mbele yangu, kama mtu anayetaka shahidi.

Aling'ata. Akatafuna mara moja. Akatoka mbio nje, nikamsikia anatapika.

Akarudi macho yamejaa machozi. Akaketi palepale. Akaniuliza kama mama mkwe wake aliyapenda kweli au nilisema tu darasani.

Nikamwambia: “Aliyapenda, mwanangu. Alilamba vidole, na likibaki lingine alilidai.”

Akatabasamu. Akasema basi naye atajifunza kuyapenda. Alikula nusu. Ilikaa tumboni.

Binti huyu ana moyo. Nimefundisha watu wengi waliokwenda mbali, wengine wana magari ya serikali. Sijui wangapi kati yao wangerudi kwenye bakuli lile.


Jumapili, 27 Julai

Amekula kila siku. Yai, kunde, mchicha, dagaa. Jioni anatoka na kapu lake tupu pamoja na wenzake. Kundi limekuwa kubwa. Hata wasio na mimba wanakwenda, wanasema wanasindikiza.

Mwalimu Tabu amepita kunisalimu baada ya kanisa. Amesema wanawake watatu wameomba mayai ya shule kwa midomo yao wenyewe. Aliniambia nimefanya kazi kubwa. Nikamwambia kazi ni yake, mimi nimechemsha yai tu. Ameniletea machungwa. Nimemtazama akiondoka, mwembamba, mwendo wa haraka, daftari za wanafunzi kwapani, na leo ni Jumapili. Nchi hii changa itabebwa na watu wa namna hii. Wapagazi wengine, mzigo mwingine.

Nyanzala amepita njiani. Hakugeuza shingo.


Jumapili, 3 Agosti

Sijala. Maji tu. Mrisho ameanza kulala chumbani mwangu, anasema kuna joto zaidi. Hajui kusema uongo, huyu.

Nimemkumbuka mdogo wangu Nyanzala. Ndiye pekee aliyebaki aliyemjua Nyamizi msichana.


Jumamosi, 16 Agosti

Nimeweza kukaa leo. Kalamu nzito.

Asubuhi Kalunde alinipa mkono nimshike anyanyuke kutoka mkekani. Niliutazama. Kiganja kimepata rangi, chekundu katikati. Muuguzi amefurahi naye, Kalunde ameniambia mwenyewe kwa kujivuna kidogo. Bado kitambo kidogo ajifungue. Sitakuwepo, nadhani, na hilo halinisumbui tena. Watoto wamepita na mchakamchaka. Nimewafuata kwa masikio mpaka wakapotelea upande wa reli.

Mchana Nyanzala amekuja.

Alikuja na kapu kichwani. Akalitua. Ndani kulikuwa na pumba, na katika pumba mayai ya kuku wake mwenyewe. Akampa Kalunde bila kumtazama, akamwambia apike sasa hivi, asiyaache yakaharibika. Kalunde akapika. Akaja kukaa nasi, mlango wazi, bakuli mapajani, anakula na ugali kama mtu anayekula chakula.

Nyanzala alinishika mguu juu ya blanketi. Kisha akasema amemsamehe wifi yake. Ulafi ni udhaifu kama udhaifu mwingine, alisema, na Nyamizi alikuwa na mema mengi ya kuufunika. Aliwaza hivyo siku zote hizi mpaka akaweza kuja.

Nilifungua mdomo. Kalunde alikuwa ananitazama, kipande cha yai mkononi, anangoja nicheke. Nikacheka. Nikamwambia Nyanzala ndiyo, alikuwa mlafi, Mungu amrehemu. Kalunde akacheka nasi, akakitia kipande kile mdomoni, akalamba vidole.

Wamekwenda. Jua liko kwenye mguu wa kitanda.

Nyamizi alinipa mgongo nisimwone uso, lakini stoo ile ilikuwa na dirisha na kwenye kioo niliuona. Harufu tu ilimtoa machozi. Aliziba pua kwa pindo la kanga, akameza, akangoja kidogo kuona kama litakaa. Kesho yake alijitwisha kapu akaja tena. Aliyelamba vidole ni mimi niliyemenya. Nyamizi hakuyapenda mayai hata siku moja.